Mwaka Sesi Alipoanza Kuniheshimu

Simu ilinikuta uani nachambua mchele. Alikuwa Maganga, mdogo wake Sesi, akipiga kutoka Korogwe. Alinipa shikamoo, akaulizia watoto, akaulizia mvua ya Handeni kana kwamba mvua ya Handeni ni jambo la kuulizia, kisha akasema Sesi amefariki alfajiri hospitalini na mazishi ni kesho saa nane mchana, kulekule kambini kwao. Nikasema pole, nikasema Mungu ametoa na Mungu ametwaa, nikasema na mengine ambayo mdomo hujisemea wenyewe. "Dada Mwana," akasema, "mama anauliza kama watani mtakuja." Alisema mtakuja, kwa wingi, kama heshima. Lakini katika ukoo wao wote Mzigua wanayemjua kwa jina ni mmoja, naye alikuwa amekaa kwenye kigoda na ungo mapajani.

Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu mababu zao walipokuwa wakipita kwetu na mizigo ya misafara kichwani. Siku za kawaida utani ni matusi na vicheko. Msibani ni kazi. Wafiwa wanalia; mtani ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kucheka, na ruhusa hiyo ni amri. Anavaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake na maringo yake, anawatukana waliobaki mpaka mtu aliyekuwa anagaagaa chini akae kitako acheke, na akishacheka ataweza kula. Mtani asipokuja, watu wanazika tu na kutawanyika, na kila mmoja anarudi kwake na kilio chake kizima. Niliwahi kuitwa kwenye kazi hiyo mara moja, na wafiwa walikuwa haohao, nikiwa na miaka kumi na tisa. Sikwenda. Ndiyo maana nilikaa pale uani nikichambua mchele ambao ulikwisha kuwa safi, nikijiuliza kama safari hii nitathubutu.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Majirani zangu husema wakiniona sokoni wanaanza kuulizana nani kafa. Hata mwaka ule ninaousimulia, mwaka pekee niliokaa mbali na Handeni, niliumalizia karibu wote ndani ya chumba kimoja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na Mama Mdogo Zuhura akanichukua Korogwe nikamsaidie kwenye steshenari yake karibu na stendi. Chumba kilikatwa katikati kwa pazia la kitenge. Mbele kulikuwa na mashine ya fotokopi, kaunta, na kompyuta ya kuchapia. Nyuma kulikuwa na meza, stovu ya mafuta ya taa, ndoo ya maji, rimu za karatasi zilizopangwa hadi dirishani, na kompyuta ya pili ambayo Mama Mdogo aliinunua kwa mwalimu mmoja wa kujitolea aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Chumba kizima kilinuka wino na dagaa wa kukaanga. Joto la Korogwe mnalijua. Mimi wa nchi kavu nilidhani nalijua joto, kumbe nilikuwa najua jua tu.

Sesi ndiye aliyekuwa mchapaji. Alinizidi miaka miwili, msichana mrefu, anachapa kwa vidole vyote kumi huku anatafuna michembe ya viazi vilivyokaushwa kutoka mfuko wa nailoni, macho yapo dirishani. Babu yake alitoka Tabora kuja kukata mkonge, na wao wakabaki kambini hata mkonge wenyewe ulipopungua. Mama Mdogo alipomtajia natoka wapi, vidole vilisimama.

"Mzigua? Wa Handeni kabisa? Ee Mungu, asante, nimeletewa mtumwa."

"Mtumwa ni wewe, mpagazi. Mzigo wako umeutua wapi?"

"Nimeutua nikupokee wewe. Kaa hapo, mla bada ya muhogo. Unajua kusoma, au nikusomee?"

"Haya, mmeshaanza," alisema Mama Mdogo. "Barua ya mwenyekiti iko wapi?" Kuanzia siku hiyo sikumbuki kama Sesi aliwahi kuniita jina langu, na sikumbuki kama nimewahi kupendwa namna ile tena.

Gemu tulilikuta ndani ya kompyuta ya nyuma, na kwenye boksi lake kulikuwa na kitabu kinene. Unaunda watu wako, unawapa majina, unawatuma porini na mapangoni kupambana na mazimwi, na kila mmoja ana namba zake za nguvu, akili na bahati. Wateja walipopungua mchana tulifunga mlango nusu, tukapakua ugali, tukacheza mkono mmoja kwenye kipanya na mwingine kwenye sahani. Mimi niliunda mpiganaji wa upanga kwa sababu ndiye aliyekuwa na maelezo mafupi kuliko wote. Sesi aliuliza imekuwaje mtu wa Handeni anahangaika na upanga wakati kwao uchawi unagawiwa bure, kisha yeye akaunda mchawi, binti mwembamba mwenye fimbo anayerusha moto, akamwita Binti Maganga, kwa jina la ukoo wao. Wangu alimbatiza yeye mwenyewe kabla sijafikiri: Mvivu. Jina likabaki.

Shida ni kwamba kitabu kiliandikwa kwa watu waliokwisha kujua. Kilichukulia kwamba msomaji amekulia kwenye meza ambako rafiki zake wanacheza jambo hilohilo bila kompyuta yoyote, kwa karatasi, penseli na dadu, na kwamba kompyuta imekuja tu kuwapunguzia hesabu. Kulikuwa na namba mbili zenye herufi d katikati, ukurasa baada ya ukurasa. Sesi ndiye aliyeng'amua, kamusi mkononi, kwamba ile herufi ni dadu: namba ya kwanza ni dadu ngapi, ya pili ni pande ngapi. Dadu tuliyoijua sisi ilikuwa ya ludo. Kitabu kilitaja ya pande nne, nane, kumi, ishirini.

"Ya pande ishirini?" nikasema. "Hiyo si itakuwa mpira?"

"Ndiyo maana wewe unasubiri matokeo kwa woga," akasema Sesi.

Kilichotushinda kabisa ni deraya. Kila tulipomvisha Mvivu nguo za chuma, namba yake ya ulinzi ilishuka: kumi ikawa saba, saba ikawa tatu. Tukakubaliana kwamba mavazi yale ni mabovu, pengine ni ya wizi, pengine yamerogwa. Tukamvua. Kwa muda wa mwezi mzima na zaidi mpiganaji wangu alizunguka mapangoni akiwa na upanga na kaptura, namba yake kumi kamili, na alikuwa akiuawa na panya. Ninasema panya, nisitafutiwe heshima. Tulirudia, akauawa. Tulimwombea dua na rozari, kila mtu na dini yake, akauawa.

Jibu lilikuja siku ya matokeo yangu. Mama Mdogo alirudi nayo kwenye kipande cha karatasi, akayaweka kwenye kaunta bila kuniangalia, akaenda kukagua fotokopi ambayo haikuwa na ubovu wowote. Divisheni foo, pointi thelathini na mbili. Niliyasoma nikiwa nimesimama, kisha nikiwa nimekaa, na hayakubadilika. Sesi aliyachukua akayatazama kwa muda mrefu mno, nami nikajiandaa kwa utani, maana angekuwa na haki.

"Ngoja kwanza," akasema. "Mwenye pointi saba ndiye aliyefaulu kuliko wote. Sivyo?"

"Sesi, siyo leo."

"Ngoja, nisikilize. Namba ndogo ndiyo bora. Namba ndogo ndiyo bora! Mtumwa wangu, tumemvua nguo yule mwanaume bure!"

Nilicheka nikiwa nalia, makamasi yakidondokea kwenye matokeo. Tulikwenda nyuma ya pazia tukamvisha Mvivu chuma chote alichokuwa nacho, na mchana ule hakuna panya aliyemgusa. Mama Mdogo, ambaye alikuwa ameandaa maneno ya kunifariji, alifunua pazia akatukuta tunapiga makofi. Aliondoka na maneno yake. Siku hizi nasikia kanuni wamezigeuza, namba kubwa ndiyo bora. Mwanangu wa mwisho alinieleza hivyo, simu yake mkononi, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mlemavu kuvuka barabara. Sikumwambia kwamba kufeli kwangu ndiko kulikonifundisha zile za zamani.

Umeme ulipoanza kukatwa kwa mgao, Sesi alikataa kukaa bure. Alisema kama mchezo ulizaliwa mezani, basi unaweza kurudi mezani. Alikata vikaratasi ishirini kutoka karatasi zilizoharibika, akaviandika namba, akavitia kwenye kopo la maziwa ya unga, na hiyo ndiyo ikawa dadu yetu ya pande ishirini. Yeye ndiye aliyekuwa anaeleza kilichopo mbele: mto, daraja lililooza, mzee mmoja anayeuza chumvi. Mimi nasema Mvivu anafanya nini, kisha nachota. Daraja lake lilikuwa lile la mto Ruvu wa hapohapo Korogwe, na mzee wake wa chumvi alizungumza kama mwenyekiti wetu wa mtaa, na mpaka leo sijaona picha ya kompyuta iliyonikaa machoni kama zile alizonichorea kwa mdomo, jasho likimtiririka, akijipepea na jalada la faili.

Mchana mmoja mteja, mzee wa makamo aliyeleta cheti cha kutolea kivuli, alichungulia pazia akatukuta katika hali hiyo. Sesi anasema, "Chota tujue kama ataishi au atakufa." Mimi nachota, nasoma namba, nainamisha kichwa. Mzee akavua kofia.

"Wanangu," akasema kwa sauti ya chini, "na mimi nichotieni. Mbuzi wangu kapotea tangu Jumatatu."

"Mzee, huu ni mchezo tu," nikasema.

"Binti, natokea Sindeni, kwa waganga wenyewe. Mimi sidanganyiki na neno mchezo."

Sesi, Mungu amrehemu, akamsogezea kopo. Mzee akachota kumi na saba. Sesi akamwambia ni namba nzuri, mbuzi yuko hai, atafute upande wenye maji. Alipoondoka Mama Mdogo alitushukia: duka lake la steshenari tumeligeuza kilinge, kesho wataletwa wagonjwa! Siku ya tatu mzee alirudi na mkungu wa ndizi. Mama Mdogo alizipika na nyama, akala bila kusema neno, nasi tukala bila kumtazama.

Kwenye kompyuta nilikuwa na mzaha wangu mmoja nisiouchoka. Kila tulichookota, panga, ngao, magunia ya dhahabu, nilimbebesha Binti Maganga. "Wewe ni Mnyamwezi, beba." Kitabu kilisema wazi kwamba mchawi ana nguvu kidogo, mzigo ukizidi hutembea polepole, ukizidi sana hasogei kabisa. Tulilisoma hilo pamoja. Sesi alikuwa akicheka, anasema babu yake alibeba pembe za ndovu mpaka pwani, ngao mbili ni kitu gani. Akampangia mchawi wake safari fupifupi, apumzike. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeshindwa gemu lile kwa sababu hiyo.

Baba yake alifariki mwezi wa saba. Alikuwa mkata mkonge mstaafu; mimi sikuwahi kumwona. Sesi aliletewa habari asubuhi, akatoka na kanga ya Mama Mdogo begani, na pale mlangoni akageuka akaniambia, "Uje basi, mtumwa. Uje utuchekeshe." Alikuwa analia anaposema hivyo. Nikasema nakuja.

Siku ya mazishi Mama Mdogo alifunga duka, akaniuliza kama niko tayari. Nikamwambia atangulie, nitafuata kwa baiskeli ya kukodi jua likipoa. "Mwanahamisi," akasema, na jina zima aliliacha kwa mambo mazito, "wale watu hawana Mzigua mwingine." Najua, nikasema. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Nyuma ya pazia mdomo wangu ulikuwa mkali, lakini kuvaa suruali ya mzee nisiyemjua, mbele ya kambi nzima, mbele ya jeneza, na kama hawatacheka je? Nilikuwa nimeshafeli mara moja mwaka ule. Nikasema nitacheza kidogo, nitulize moyo, kisha niende. Umeme ulikuwepo, kwa bahati mbaya.

Niliwaingiza watu wetu kwenye pango ambalo Sesi alikuwa ameniambia tusiingie bila yeye. Mazimwi yakatoka pande mbili. Nikampa Mvivu amri ya kukimbia, akakimbia, deraya na yote. Nikampa amri Binti Maganga. Hakusogea. Alikuwa amesimama katikati ya njia na mali yangu yote mgongoni, nami nikaanza kuitoa kitu kimoja kimoja, panga, ngao, panga, mpaka alipoanguka. Nikalia. Nataka nieleweke: nililia kwa sauti, nikajifuta kwa kitambaa cha kufutia kompyuta, nikimlilia mwanamke mwenye urefu wa vidole viwili, saa ileile ambapo maili chache kutoka pale walikuwa wanashusha baba wa rafiki yangu kaburini na kutazama barabarani. Kisha nikafanya kitu ambacho gemu linaruhusu. Nikarudisha pale nilipokuwa nimesevu, akasimama tena mlangoni mwa pango, mzima, na fimbo yake. Nikaona kwamba jua limeshapoa. Nikaona pia kwamba nimekwisha kuchelewa, na nikashukuru.

Mama Mdogo aliporudi hakunigombeza. Alivua viatu, akakung'uta vumbi la kambini, akasema tu, "Mama yake alikuwa amekutengea kiti." Nilimpikia chai. Hakuinywa.

Sesi alirudi kazini baada ya siku nne. Nilikuwa nimejitayarisha kwa lolote, nilitaka anitukane, nilikuwa nimemwandalia na majibu. Aliingia, akaweka mkoba, akasema, "Dada Mwana, habari za asubuhi."

Hakuwahi kuniita dada. Nikasema, "Mpagazi, umerudi?" Akatabasamu kidogo, kama mtu anavyomtabasamia mteja, akasema, "Nimerudi, nashukuru. Samahani, naomba rimu moja." Ikawa hivyo hadi mwisho wa mwaka. Asante, samahani, tafadhali. Akipika ananipakulia mimi kwanza. Michembe ananipa kwa mikono miwili. Nikimtukana anainamisha macho, kama vile nimekosea njia na yeye hataki kuniaibisha. Wateja walimwambia Mama Mdogo kwamba wasichana wake wametulia siku hizi, wana adabu. Kompyuta ya nyuma hakuigusa tena isipokuwa ile ya mbele ikiharibika, na hapo alichapa barua, akaondoka. Mwezi wa kumi na mbili alipata nafasi chuo cha uhazili, mimi nikarudi Handeni na divisheni foo yangu. Tuliagana kwa kupeana mikono. Miaka yote iliyofuata alinitumia salamu Idi, nami nilimtumia Krismasi, salamu nzuri, zilizonyooka, zenye jina langu kamili. Mtu akikuheshimu hivyo huna pa kuanzia. Ungemwomba msamaha gani? Angesema, "Hapana, Dada Mwana, hakuna tatizo kabisa."

Kwa hiyo nilikwenda. Basi la asubuhi na kanga mbili. Kambini nyumba zilikuwa zilezile za mstari, bati jekundu, na turubai limefungwa kati ya mbili. Nilitoa mkono wa pole kwa wanaume, nikaingia kwa wanawake, nikamkuta mama yake Sesi juu ya mkeka, amekuwa mdogo kama mfuko uliokunjwa. "Shikamoo, mama." Alinitazama, akageuza uso. Nikamgeukia wifi mmoja nikamwambia anipe gauni la Sesi la kazini, na miwani yake.

Sikumbuki nilitokaje nje. Nakumbuka gauni lilinibana, maana marehemu alibaki mwembamba na mimi sikubaki. Nikageuza ndoo, nikaikalia, nikachapa hewani kwa vidole kumi huku natafuna. "Maganga!" nikaita. "Barua yako ya posa nimeichapa mara tatu, wote wamekataa, unataka niitoe fotokopi nimpelekee nani tena?" Mtu mmoja nyuma akaguna. Nikanyanyuka nikazunguka jeneza. "Na wewe mpagazi, ndiyo nini kulala mchana wakati wenzako wanapika? Umeanza tabia za Handeni?" Hapo kicheko kikatoka, kwanza kwa vijana waliobeba machepeo, kisha kwa kina mama, kisha kwa Maganga mwenyewe, amejishika magoti, anacheka na kulia. Niliwatukana wote. Nilimtukana Sesi kwa miaka yote aliyoniita Dada Mwana, nikamwambia hiyo heshima yake aende nayo, sisi Wazigua hatuna pa kuiweka, na sauti ilikatika hapo, lakini watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakacheka zaidi.

Nilipokaa chini, wanawake walikuwa wanapanguza macho na mtu alikuwa anaulizia sahani. Mama yake Sesi ndiye ambaye hakucheka. Aliniashiria kwa kidole nisogee.

"Na mzee je?" akasema.

"Mama?"

"Mume wangu. Hajachekwa mpaka leo." Akanyoosha mkono kuelekea makaburi, nyuma ya nyumba. "Amelala pale kwa heshima kama mgeni."

Nilipiga magoti mbele yake na gauni la mwanawe likanipasuka ubavuni. "Mama, nisamehe. Mimi sikumjua mzee. Sijui hata alivyokuwa anatembea."

Alinipa mkono nimwinue. Alikuwa mwepesi. Akajifunga kanga upya kiunoni, akaweka mkono mmoja nyuma ya mgongo, na akaanza kutembea kati ya watu, akiinua goti, akitua mguu polepole, akiinua goti tena, kama mtu anayepita ndani ya mkonge akikwepa miiba. "Hivi," akasema bila kugeuka. "Hata chumbani, hivi. Hata akija kitandani."

Mtu akacheka. Nikaweka mkono mgongoni, nikamfuata.

Alipofika kwenye nguzo ya turubai aligeuka kuangalia kama napatia. "Goti juu," akasema. "Mzee alikuwa mrefu."